Masufuria Mawili ya Nyuma

Bwana Musembi, mwajiri wangu, alipenda kuwaambia wateja kwamba sisi hatukuuza mitumba. "Programu ya kununua tayari ni mtumba," alikuwa akisema. "Unavaa nguo aliyopimiwa mtu mwingine, mikono inakuzidi. Sisi tunakuja na futi, tunakupima wewe mwenyewe." Akifika hapo hunyoosha mkono kunionyesha, nami hutazama chini.

Futi yenyewe nilikuwa mimi. Ulikuwa mwaka 1988, nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimemaliza masomo ya kompyuta chuoni Mombasa, na ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vipuri mjini Malindi. Kazi yangu ilikuwa kwenda kwa mteja, kukaa naye wiki nzima, kumuuliza kila jambo la shughuli zake, kisha kurudi ofisini kuandika programu itakayomfaa yeye peke yake. Kuandika nilikujua. Kuuliza ndiko kulikonishinda. Kwetu Ganze nililelewa nikiambiwa kwamba msichana mwenye adabu husubiri aambiwe, na chuo hakikunitoa hilo.

Mteja wetu wa tatu alikuwa Bwana Abdillahi Awadh. Alikuwa na duka karibu na soko la zamani, duka la kukodisha vyombo vya shughuli: masufuria makubwa ya kupikia pilau, majamvi, maturubai, masinia, mabirika, taa za karabai. Mwenye harusi alikwenda kwake, mwenye maulidi alikwenda kwake, na aliyefiwa alikwenda kwake. Kompyuta aliinunua kwa hoteli moja iliyokuwa ikibadilisha zake. Alitaka kujua, kwa kubonyeza tu, kila chombo kiko wapi na kitarudi lini.

Mpaka siku hiyo aliyejua alikuwa shangazi yake, Bi Nana.

Nilimkuta ameketi kwenye benchi la mbao kando ya mlango, buibui limeteremka mabegani, ncha ya leso yake imejaa vifundo. Kila kifundo kilikuwa shughuli ya mtu.

"Shikamoo, Bi Nana."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiwe mwenye hiyo kompyuta?"

"Ndiyo."

"Ah! Mimi nilidhani ni jibaba lenye tumbo na tai." Akageuka kwa Masha, mtu mzima aliyekuwa akisukuma mkokoteni wa duka. "Masha, wamuona? Mtoto mdogo hivi, na jambo lenyewe limemnyima Abdillahi usingizi mwezi mzima."

"Hao wadogo ndio hatari, Bi Nana," Masha akasema.

"Keti, mwanangu. Benchi ni refu, na mimi si mnene wa kulimaliza."

Nikaketi. Nilikuwa na maswali kumi na mawili kwenye daftari. Nilimuuliza matano, nikasema hayo yatosha. Bi Nana akainama kulitazama daftari langu.

"Maandishi yenu haya siyasomi," akasema, "mimi nilisomeshwa ya Kiarabu, ya chuoni kwa mwalimu. Lakini mistari naihesabu. Umeandika kumi na miwili, umeniuliza mitano. Hiyo saba umemwekea nani?"

Nikacheka kwa aibu, na yeye akacheka, akanipigapiga goti. Sikumuuliza hiyo saba.

Siku nne niliketi naye. Watu walikuja, wakasalimu, wakaeleza shughuli zao, naye akawajibu bila kutazama popote. "Masufuria nitakupa matatu, si manne. Nyie watu wa kwa Abushiri hamli sana, mwajifanya tu." "Majamvi yako yatoka Mambrui Jumatano, Masha atayapitisha kwako moja kwa moja." Kisha hufunga kifundo. Mimi niliandika. Jioni moja, wakati wa kufunga duka, aliniuliza jambo bila kunitazama.

"Na likija hilo kabati lenu, mimi niketi wapi?"

"Papo hapo, Bi Nana. Halichukui nafasi ya mtu. Litakusaidia tu."

"Wasema kweli?"

"Kweli."

Akanyanyuka taratibu, kwa sababu goti lake la kulia lilikuwa likimsumbua, akavaa buibui sawasawa. "Kwa maana nyumbani kule kuna kuta nne na paka," akasema. "Hapa kuna dunia."

Nililiamini neno langu nilipolisema. Hilo ndilo ninaloweza kusema kujitetea.

*

Siku ya tano nilihitaji hesabu ya vyombo vyote, ili kompyuta ijue inaanzia wapi. Nilimuuliza Bi Nana.

"Masufuria makubwa sita," akasema. "Majamvi kumi. Maturubai manne. Masinia hamsini. Karabai saba."

Nikaandika. Lakini chuoni tulifundishwa kwamba hesabu ya mdomo haiingizwi kwenye mashine mpaka imehakikishwa kwa macho. Kwa hiyo Bi Nana alipokwenda kuswali adhuhuri, nilimwomba Masha anifungulie ghala. Nikahesabu. Masufuria makubwa yalikuwa manane: sita mbele, na mawili nyuma kabisa, yamefunikwa kifudifudi juu ya jamvi lililokunjwa. Majamvi yalikuwa kumi na moja. Maturubai matano. Karabai nane.

Nilisimama pale gizani nikiwa na daftari, nikamwonea huruma. Nilidhani umri umeanza kumpokonya. Nilijiona nikimwambia, "Bi Nana, umekosea," mbele ya Masha na wateja, nikaona jinsi uso wake utakavyokuwa, nikasema moyoni: la, sitamfedhehesha mtu mzima. Nikafuta sita nikaandika nane. Nikafuta kumi nikaandika kumi na moja. Nilifanya kimya kimya, kwa mapenzi, na nilirudi kwenye benchi nikiona nimemtendea wema.

Aliniuliza, "Umeona vyote?"

"Nimeona, Bi Nana."

"Vizuri."

Alingoja kidogo, kama mtu anayemwachia mwenzake nafasi ya kusema. Nami nikafunga daftari.

Programu ilinichukua wiki sita. Tulipoipeleka, Bwana Musembi alichapisha orodha ya vyombo kwenye karatasi ndefu, akampa Bwana Abdillahi aione. Bwana Abdillahi alisoma polepole, kidole kwenye mstari.

"Masufuria manane?" akauliza. "Shangazi siku zote husema sita."

Bwana Musembi alinitazama. Ilinilazimu kusema.

"Niliyahesabu mwenyewe, Bwana. Ni manane."

"Na karabai?"

"Nane. Yeye alisema saba."

Bwana Abdillahi aliikunja karatasi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na huzuni usoni, huzuni ya kweli. "Masikini shangazi," akasema. "Nami nilikuwa nikijidanganya. Goti, na sasa kichwa. Nimemchosha mno."

Ningesema neno wakati ule. Ningesema, "Bwana, sikumuuliza kwa nini." Neno lilikuwa dogo tu. Bwana Musembi alikuwa ameshaanza kueleza jinsi ya kuwasha mashine, na mimi nikashika diski zangu.

Wiki iliyofuata Bi Nana aliambiwa apumzike nyumbani. Meza ya kompyuta iliwekwa kando ya mlango, palipokuwa na upepo, na Masha alilipakia benchi kwenye mkokoteni akalipeleka mtaa wa Shela, nyumbani kwa Bi Nana.

*

Mfunguo Mosi ulipoingia, harusi zilifuatana kama kawaida baada ya Ramadhani. Nilikuwa nikienda dukani kila asubuhi kumfundisha Bwana Abdillahi kutumia programu, naye aliipenda kama mtoto. Akiulizwa na mteja, alikuwa akiandika tarehe, anabonyeza, anangoja, na herufi za kijani zikitokea husoma kwa sauti: "Yapo!" Watu walisimama mlangoni kutazama.

Alhamisi moja kulikuwa na harusi mbili. Ya Mambrui ilichukua masufuria matano, ya Maweni ikachukua matatu. Kompyuta ilikubali zote mbili, kwa kuwa tano na tatu ni nane. Bwana Abdillahi alisugua mikono. "Shangazi angemkatalia mmoja," akasema.

Saa tatu asubuhi siku hiyo hiyo, aliingia mtu mmoja mrefu aliyevaa kanzu iliyokunjamana, kofia mkononi. Alikuwa Faki, mshona viatu wa nyuma ya msikiti. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Abdillahi," akasema, "mama ametutoka. Alfajiri."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Bi Chiku? Jana si nimemuona?"

"Hata mimi jana nilimuona. Tutazika baada ya adhuhuri. Watu wanatoka Lamu, wanatoka Mombasa, wapo wa Kilifi wameshafika. Nataka masufuria mawili na jamvi, basi."

Bwana Abdillahi aliketi mbele ya mashine. Akaandika tarehe. Akabonyeza. Tukangoja, na ile diski ikakoroma kama inavyokoroma. Neno lilipotokea hakulisoma kwa sauti. Mimi nililiona juu ya bega lake. Nilikuwa nimeliandika mwenyewe, kwa herufi kubwa: HAKUNA.

"Yametoka yote, Faki," akasema.

"Yote?"

"Harusi mbili."

Faki hakuelewa. Alitazama mlango wa ghala, kisha mahali benchi lilipokuwa, kisha akanitazama mimi kama mimi ndiye nitakayemfasiria.

"Abdillahi, mimi nataka ya matanga. Siyo ya harusi."

"Nimekusikia, ndugu yangu. Hakuna hata moja."

"Duka la Nana," Faki akasema polepole, "lina siku ya kukosa sufuria la maiti?"

Hakupaza sauti. Alivaa kofia yake, akatoka. Bwana Abdillahi akabaki na mkono juu ya vibonye.

Nilikwenda matangani mchana, nikakaa na wanawake uani. Walikuwa wakipika kwa masufuria ya nyumbani, kumi au kumi na mawili, kila moja na mafiga yake, kila moja limeazimwa kwa jirani. Wali wa huku umeiva, wa kule mbichi. Waliotoka safari wameketi na njaa. Hakuna aliyelaumu kwa sauti kubwa, ila nilimsikia mama mmoja akisema, "Bi Chiku alipika katika kila msiba wa mtaa huu. Leo wake, angalieni." Niliinamisha kichwa nikaendelea kuchambua mchele.

Kabla ya alasiri tulisikia mkokoteni. Masha alikuwa akiusukuma, juu yake masufuria mawili makubwa, bado yana joto. Nyuma yake Bi Nana, anachechemea, kijasho kinamtoka usoni. Alikuwa amekwenda Maweni kwa miguu, mpaka nyumba ya harusi, akaketi na mama wa bwana harusi, na sijui alimwambia nini, lakini yule mama aliupakua wali wake kwenye masinia mbele ya wageni, akayatoa masufuria.

Faki alimshika Bi Nana mikono yote miwili.

Baadaye Bi Nana alinikuta kwenye kisima, ninaosha mikono. Bwana Abdillahi alikuwa amesimama karibu, hajui pa kutazama.

"Nani aliyeyatoa yale mawili ya nyuma?" Bi Nana akauliza.

"Ni mashine, shangazi," Bwana Abdillahi akasema.

"Mashine haina macho. Nani aliyeiambia ni manane?"

"Mimi," nikasema. Sauti ilitoka ndogo mno, ikabidi nirudie. "Mimi, Bi Nana. Niliyaona ghalani. Nilidhani umesahau."

"Nisahau masufuria yangu?" Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Yale mawili si ya harusi. Tangu enzi za kaka yangu Awadh, Mungu amrehemu. Na jamvi yalilolalia si la harusi, na karabai moja, na turubai moja. Harusi hupangwa. Kifo hakipangwi, kwa hiyo chake hungoja pale nyuma. Ndiyo maana huwa sivihesabu. Nikivihesabu, mtu atavitaka."

"Niliona haya kukuuliza."

"Haya ya kuuliza, au haya ya kunisahihisha?"

Nikachota maji mengine, nikaosha tena mikono iliyokwisha kutakata.

"Ungeniuliza, mwanangu," akasema. "Nilikungoja siku ile uniulize."

*

Bwana Abdillahi alimwomba radhi shangazi yake, mbele yangu, na akamwambia hatasema tena kwamba kichwa chake kimechoka. Mimi nilidhani hapo benchi litarudi. Lakini alichoniambia baadaye ni hiki: "Kanze, nenda kakae naye. Muulize kila kitu mara hii. Kila kitu."

Nikaenda Shela alasiri tatu. Benchi lilikuwa ukumbini, limebana njia, kwa sababu nyumba ilikuwa ndogo. Tuliketi juu yake bega kwa bega kama zamani, akanipa chai ya tangawizi na kaimati, nami mara hii nikauliza. Niliuliza mpaka mwenyewe nikajishangaa.

"Sasa hilo ndilo daftari," akasema siku ya pili. "Mistari imekwisha?"

"Bado miwili."

"Leta. Leo una ulimi, sijui nani amekuazima."

Alinipa yote. Vifo viwili vikigongana siku moja, nani aombwe kwanza. Nyumba zipi zina masufuria yao wenyewe, na zipi zitatoa zikiombwa. Mwenye harusi gani aendewe na mwanamke, gani aendewe na mwanamume. Jefwa wa Adu, aendewe kabla ya jua kali, kwa maana akishakunywa mnazi hasikilizani na mtu. Mama Shekha asiombwe moja kwa moja, aambiwe tu habari ya msiba, kisha mtu anyamaze, naye mwenyewe atasema, "Basi chukueni langu." Hilo la kunyamaza nililiandika kisha nikalitazama, nikijua kwamba haliingii popote.

Kwa hiyo niliiandika programu upya hivi. Vile vya nyuma niliviondoa katika hesabu ya harusi, vikawa vya msiba peke yake. Na msiba wa pili ukija, navyo vimekwisha kutoka, mashine isiseme hakuna. Nikaandika mstari mmoja, mstari wa 2140, wa kuleta maneno haya kwenye kioo: MUULIZE BI NANA.

Nilimwita dukani kumwonyesha, Bwana Abdillahi akiwa amekwenda benki. Nikaandika tarehe ya uongo na misiba miwili ya uongo, naye akasema, "Mungu apishie mbali." Maneno yakatokea. Nikamwonyesha kwa kidole yaliposimama jina lake.

"Hilo ndilo mimi?"

"Ndiyo. Hapa Bi, hapa Nana."

Aligusa kioo kwa ncha ya kidole, akakiondoa upesi kama anayeogopa kuchafua. Kisha akagusa tena.

"Kwa hiyo likikwama, litaniita?"

"Litakuita, Bi Nana."

"Masha! Njoo uone, nimeandikwa!"

Masha akaja, akatazama, akasema naye aandikwe, hata mstari mdogo, chini ya mkokoteni. Bi Nana akacheka mpaka akajipangusa macho kwa leso. Siku hiyo alitembea kurudi Shela bila kushikwa mkono.

Bwana Abdillahi aliuona mstari ule kesho yake.

"Hii ni nini, Kanze?"

Nikamweleza.

Alivua miwani. "Sikiliza, binti. Sikulipia mashine ili initume Shela. Goti lake limeharibika kwa safari ile ya Maweni, hukumuona usiku ule. Na tuseme ukweli: siku akitutoka, itamuuliza nani? Ameshakuambia nyumba zote. Si umeziandika?"

"Nimeziandika."

"Basi ziweke humo kwa mpangilio. Mstari huu uondoe."

Aliyoyasema yalikuwa na maana, kila neno. Nimeyapima mara nyingi tangu siku ile na bado yana maana. Lakini nami nilikuwa na la kusema. Ningemwambia kwamba nyumba zinaandikika, ila namna ya kuketi na mama wa bwana harusi haiandikiki. Ningemwambia kwamba nilimwahidi mtu. Ningemwambia hata uongo, kwamba programu haiwezi, na yeye asingejua. Malindi nzima walioweza kunikosoa walikuwa wawili, mmoja wao Bwana Musembi, ambaye angenielewa au asinielewe. Nilifungua mdomo.

"Ndiyo, Bwana," nikasema.

Katika lugha tuliyoitumia, ukitaka kufuta mstari unaandika namba yake peke yake, bila neno mbele yake, kisha unabonyeza. Niliandika 2140. Nikabonyeza. Hakuna sauti iliyotoka. Niliita orodha, nikaona 2130, kisha 2150, na katikati hakuna pengo lolote linaloonekana.

Mahali pake nikaweka majina ya nyumba saba kwa mpangilio. Yalifaa. Mwezi wa saba misiba miwili iligongana, Masha akapelekwa nyumba ya kwanza, akakataliwa, akapelekwa ya pili, akapewa. Bwana Abdillahi alileta halua ofisini kutushukuru. Bwana Musembi alisema hiyo ndiyo nguo iliyomkaa mtu sawasawa, akawa anaitaja kwa kila mteja mpya.

*

Mwezi wa kumi na mbili nilipata kazi Mombasa. Siku moja kabla ya kuondoka nilikwenda Shela kuaga. Nilikuwa sijafika kule tangu zile alasiri tatu. Nilijiambia ni kazi nyingi.

Mlango ulikuwa wazi. Bi Nana alikuwa ameketi kwenye benchi lake, uso umeelekea njia, viatu miguuni. Buibui lake lilikuwa limekunjwa vizuri kando yake, na juu ya buibui mkoba. Nilidhani nimemkuta akitoka.

"Shikamoo, Bi Nana. Unakwenda mahali?"

"Marahaba, mwanangu! La, siendi. Nakaa hivi tu asubuhi." Akasogeza buibui nipate pa kuketi. "Wakija kuniita, nisiwacheleweshe kwa kutafuta viatu."

Nikaketi. Paka alikuja akalala juu ya mguu wangu. Aliniuliza habari za mama, za Ganze, kama mvua imenyesha. Nilijibu. Kisha akauliza, kama anayeuliza habari ya mgonjwa:

"Na kule dukani? Hawajakwama?"

Nilitazama vifundo vya leso yake. Havikuwapo. Ncha ilikuwa imenyooka, imepigwa pasi.

"Bado, Bi Nana," nikasema. "Hawajakwama."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

"Alhamdulillahi." Akanyoosha buibui kwa kiganja. "Basi uliishona vizuri, mwanangu. Mimi nilidhani litaniita japo mara moja, angalau mwaka huu wa kwanza. Lakini ni vizuri. Ni vizuri watu wasikwame."

Nilitaka kumwambia. Neno lilikuwa pale, dogo kama yale mengine yote ambayo sikuyasema. Nikanywa chai yake.

Nilipoinuka kuaga alinishika kiganja. "Ukipita kwa Abdillahi, mwambie goti limepoa. Huenda ndilo analolihofia. Mwambie halinisumbui tena. Ngoja, ngoja uone kwa macho yako, usije ukasema ni maneno yangu."

Akasimama bila kushika kitu. Alitembea kutoka kwenye benchi mpaka mlangoni, akageuka, akarudi, mgongo wima, midomo ameibana kidogo tu. Kisha akasimama mbele yangu, akihema, akinitazama usoni kama mwanafunzi aliyemaliza mtihani.

"Umeona?"

"Nimeona, Bi Nana."

"Utamwambia?"

"Nitamwambia."

Siku hiyo sikupita dukani, na kesho yake basi la Mombasa liliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Duka la Bwana Abdillahi hufunguliwa saa mbili.